Sufuria ya Maziwa Magarini

Harufu ya maziwa yaliyofurika na kuungulia jikoni hunipandisha hasira hadi leo, ingawa maziwa yenyewe hayana kosa. Ilikuwa huko Magarini, pwani ya Kenya, miaka ya themanini, mwaka wa njaa. Baba alikuwa dereva wa trekta, nasi tulikuwa watu wa kuja, wafugaji kutoka bara. Majirani zetu Wagiriama walikuwa wakichemsha mizizi, na ng'ombe wetu bado alikamulika. Mama hakuweza kuona mtoto wa mtu akilala njaa. Siku moja hakungoja maziwa yagande kibuyuni kama kawaida yetu. Alichemsha sufuria nzima, akawaita watoto wa jirani, akawamiminia. Kadzo, rafiki yangu, alikunywa akaomba tena, akapewa.

Kulipopambazuka walikuwa wakihara wote, matumbo yamevimba. Kadzo alijikunja akilia, kisha akanyamaza kama aliyekufa, na kunyamaza huko ndiko kulikotuponza. Wanaume walikuja na marungu. "Mutsai," walisema, yaani mchawi. Waling'oa mlango, wakamkandamiza baba chini, wakamburuta mama uani.

"Ni maziwa tu, jamani," mama alisema. "Yaliyobaki haya hapa, nayanywa." Akaiinua sufuria akaimaliza mbele yao, maziwa yakimtiririka kifuani. Wakangoja. Hakuna lililompata. Masikini mama yangu, alidhani amejiokoa.

"Mnaona?" akasema mjomba wake Kadzo, kwa upole kabisa. "Sumu yake haimdhuru mwenyewe."

Rungu la kwanza lilimpata sikioni, nami nikasikia mfupa. Nilimng'ata mtu mguuni hadi nikaonja damu, akanipiga teke nikaangukia mafiga. Waliendelea kumpiga hata alipoacha kujikinga. Mmoja alikuwa ameshaitisha mafuta ya taa Kadzo alipotokea, ameshikilia uzio, miguu imemchafuka, akasema, "Mama, nipe maji." Marungu yakashuka. Wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyesema pole.

Miaka mingi baadaye daktari alinieleza jambo hilo huku akinywa chai. Watu wengi wakishaacha kunyonya, tumbo hupoteza uwezo wa kusaga maziwa, na tumbo lililodhoofishwa na njaa ndilo huteseka zaidi. Ya mgando yangewasumbua kidogo tu. Sisi wa ukoo wa wafugaji matumbo yetu huendelea kuyasaga hadi uzeeni. Basi, ni hilo tu. Kwa hilo mama alivunjwa fuvu, na sikio lile halikusikia tena.

Sasa naishi Kilifi, nimeolewa na Mgiriama, na watu wetu wanaoana bila mtu kushangaa. Juzi mama alikuja kututembelea, akampa mjukuu wake kikombe cha maziwa ya moto. Binti yangu amerithi tumbo la baba yake. Muda si mrefu alianza kulia, amejishika tumbo. Nilimwambia mama asijali, litapita, ni maziwa tu. Mama alikuwa ameshainuka kwenda kukomea mlango.