Noti Ambazo Sikuzigeuza

Mpangaji wangu alikuwa mzungu aliyefundisha wauguzi. Kiswahili alijifunzia Tanzania, safi kama shati la ubatizo. Aliishi nyumba ndogo ya nyuma, mimi ya mbele, na kutoka nje mimi sikuzoea. Mke wangu alikuwa ananiambia: "Weye, siku utasimama, ile kiti itakufwata." Nina diploma ya sekondari na nina kiti. Diploma imefifia.

Mwaka ule mpangaji aliamua kuacha sigara. Binti yake wa miaka sita, huko kwao, alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba anakohoa kama mbuzi. Basi kila jioni mtoto alipiga kumuuliza: leo umevuta? Na kila jioni baba alijibu hapana, kwa sauti ya mtu aliyebeba gunia la mihogo. Alitafuna karanga, akatafuna muwa, akatafuna hata kifuniko cha kalamu. Nikamwambia Kwaresima yake haina Pasaka.

"Papa, usinicheke, nakusihi," alisema. "Nikivuta hata moja, nitamwambia nini yule mtoto?"

Siku ya arobaini alitakiwa aende Shabunda, kule msituni kwenye machimbo ya dhahabu, wiki mbili, kwa ndege ndogo. Benki kule hakuna. Unaenda na dola zako mfukoni, na nafasi ya kurudi unailipia kule kule. Na sisi huku, hata mtoto anajua, dola yenye mpasuko kama wa kucha pembeni ni karatasi tu. Kwao wanaipokea hata ikishonwa. Huku mtu anapitisha kidole ukingoni, anaiinua kwenye mwanga, kisha anakurudishia kama umempa panya. Macho ya mzungu hayaoni vitu hivyo. Ndiyo maana aliniletea bahasha.

"Ziangalie moja moja, Papa. Ukipata mbovu, tafadhali ukabadilishe kule chini."

Wenye kubadilisha wako chini barabarani na meza zao. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenda ni mteremko wa tope, kurudi ni mlima. Nilitoa noti tatu za juu, nikapitisha kidole: nzuri kama bibi harusi. Zingine sikuzigeuza. Nilijisemea, kama hizi ni nzima, zilizobaki ni ndugu zao.

Asubuhi yake alikuja na begi mgongoni. "Umeziangalia?"

"Zote."

Mke wangu, aliyekuwa anafagia, alinitazama, kisha akaendelea kufagia.

Wiki mbili zikawa tatu. Alirudi Jumamosi mchana, amekonda, na kabla hajafika mlangoni harufu ya moshi ilishafika.

Akaketi, akanisimulia. Siku ya kurudi, mkata tiketi alipitisha kidole, akarudisha noti nne. Ndege ikaruka bila yeye. Ofisi yake, ilipoambiwa na rubani, ilimtumia noti nyingine kwa ndege iliyofuata, wiki nzima baadaye. Wiki ile alikaa kwenye benchi pamoja na wachimba dhahabu waliomhurumia, na mchimba dhahabu akikuhurumia anakupa sigara.

"Na mutoto anajua?" nilimuuliza.

"Kule mtandao haukuwapo. Leo ndiyo atapiga."

Nilingoja aniulize habari ya noti. Uongo nilikuwa nimeshautayarisha, na ulikuwa mzuri, wenye panya na sanduku. Hakuuliza.

"Bila shaka nilizipasua mwenyewe, nilizificha ndani ya soksi," alisema. "Wewe ulizikagua zote. Siku arobaini umenivumilia, Papa, na mimi nimekuangusha. Unisamehe."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani mbili za ugali. "Mujibu," akaniambia. "Mujibu uyu mutoto ya watu, maneno iko mu kinywa yako."

Kweli ilikuwamo. Maneno matatu, hata mtoto wa darasa la kwanza angeyasema: sikuziangalia zote, Baba. Nikafungua kinywa.

"Nimekusamehe," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mke wangu akaweka sahani moja mezani mbele ya mpangaji, yangu akarudi nayo jikoni.

Jioni simu yake ililia, akatoka nayo uani. Lugha yao siijui. Lakini nilimsikia dirishani akisema neno moja fupi, silo lile la kila jioni, halafu akasikiliza, kichwa chini. Nikajua amemwambia ukweli.