Dinamo ya Behewa kwenye Mashine ya Mama Hénoch

Mulumba alikuwa mstaafu wa reli kwa karatasi tu. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu aache kutunza taa za mabehewa, na bado hakutoka nyumbani kwake Kamina bila kofia ya kazi, hata akienda chooni. Treni ikipita baada ya wiki tatu, aliitazama saa yake na kutikisa kichwa.

Kila mgeni aliyekaa kwenye benchi lake alisimuliwa hadithi ile ile: njia ya reli ni moja, treni ni nyingi, kwa hiyo dereva haingii njiani mpaka akabidhiwe na mkuu wa stesheni fimbo ya chuma iitwayo bâton. Fimbo yenyewe ni moja tu. Asiye nayo asubiri, hata kama amembeba gavana. "Bâton haichekaka na muntu," alimalizia, na mgeni alijua sasa anaweza kuaga.

Aliyelisha nyumba ni mkewe, Tshala, Mama Hénoch kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, inayoendeshwa na injini ndogo ya dizeli. Injini hiyo ilikuwa na kidinamo cha kuchaji betri moja, ya taa iliyoning'inia juu ya mashine. Kilitosha. Lakini kinachotosha hakimpi mtu cheo.

Siku moja Timothée kinyozi alileta betri yake ichajiwe, na Mulumba akakitazama kidinamo kwa dharau. Aliingia chumbani, akavuta kutoka chini ya kitanda zawadi aliyopewa na wenzake siku ya kustaafu: dinamo ya behewa la daraja la kwanza, nzito kama mbuzi mwenye mimba. Akaifunga kwenye saruji, akaiunganisha na injini kwa mkanda wa mpira.

"Baba Hénoch," mkewe alisema, "ile kitu ilikuwa inazungushwa na train muzima. Hii moteur iko ya kusaga mahindi."

"Weye unajua kusaga. Courant uniachie minyi," alijibu Mulumba, kwa maana umeme ulikuwa kazi yake.

Kesho yake betri kumi na mbili zilipanga mstari ukutani: ya kinyozi, ya kwaya ya parokia, ya mkuu wa mtaa ambaye hakutaka kukosa mpira, hata ya mhubiri mmoja aliyedai Neno la Mungu lina haki ya kupita mbele. Mulumba akazigawa kwa chaki, daraja la kwanza, la pili na la tatu, akapuliza filimbi. Watu walimwita Chef. Hakuwa amefurahi hivyo tangu siku ya harusi yake, na nadhani hata siku hiyo alikuwa anawaza treni.

Kisha mteja mmoja, Mama Mbombo, akamwaga mahindi yake kwenye mashine. Injini iliguna. Dinamo ilitaka nguvu, mashine nayo ikataka, na injini, maskini, ikaanza kutoa moshi mweusi. Mkanda ukateleza na kunuka, unga ukatoka chenga tupu. Mama Mbombo aliupima kwa vidole. "Hii nitapatia kuku," alisema, akaenda kutafuta mashine nyingine ng'ambo ya reli. Wanawake wawili walimfuata.

Kwa siku tatu Mulumba alilaumu mafuta, akalaumu mahindi ya Kaniama kwa ugumu, akalaumu hata mawingu. Mshika mawili moja humponyoka, na lililoponyoka ni wateja wa mkewe. Siku ya nne alikuja mwanamke mmoja tu, na Tshala akaogopa kwelikweli. Injini ile ikifa, hawana nyingine. Na pensheni ya mumewe ilikuwa njiani tangu zamani, pamoja na treni.

Hakupiga kelele. Aliingia jikoni, akatoka na mwiko mkubwa wa kusongea bukari, akasimama kati ya injini na betri.

"Baba Hénoch, hii moteur iko njia ngapi?"

Mulumba aliitazama injini. "Iko moja."

"Kusaga iko train. Kuchaji iko train ingine. Basi huu mwiko njo bâton, na niko nayo minyi."

Kubishana na mke Mulumba angeweza, alikuwa na uzoefu. Lakini na fimbo habishani mtu, na aliyewaambia hivyo wageni wote ni yeye mwenyewe. Aliinama, akautoa mkanda wa dinamo kwa mikono yake.

Wanawake walirudi mmoja mmoja, Mama Mbombo wa mwisho. Sasa mahindi husagwa kwanza. Beseni la mwisho likiisha, Tshala humkabidhi mumewe mwiko, naye huupokea kwa mikono miwili, hupuliza filimbi na kufunga mkanda.

Juzi jioni mkuu wa mtaa alikuja amekasirika. Mahindi yalikuwa yamekwisha, injini imezimwa, mpira unakaribia kuanza, na betri yake ya daraja la kwanza bado haijaguswa.

"Chef, unangojea nini?"

Mulumba alielekeza kidole jikoni, ambako mkewe alikuwa anasonga.

"Bâton iko mu sufuria," alisema, akasogea kwenye benchi ili mkuu naye apate pa kukaa.