Insha Mbili za Nafula

Wiki iliyopita fundi alifungua redio ya marehemu baba, akazitoa betri zilizokuwa zimevuja, na harufu kali ya masizi na kutu ikanijaa puani. Msomaji wangu, kama ulisoma shule za Eastlands, Nairobi, enzi zetu, unaijua. Kila Ijumaa tulivunja betri kuukuu kwa mawe, tukasaga ule unga mweusi, tukauchanganya na maji na majani yaliyopondwa, kisha tukapaka ubao uliofifia. Tulirudi nyumbani na mikono kama ya wachoma makaa. Nafula peke yake ndiye aliyetaka kujua kwa nini betri ikifa haiwi nyepesi.

Alikuwa binti wa shangazi yangu. Mama yake alipofariki huko Webuye, baba alimleta akae nasi Mowlem, mtaa wa huko huko Eastlands, katika chumba chetu kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Sote wawili tulikuwa na miaka kumi na mmoja, tukalala kitanda kimoja na kuketi dawati moja darasa la sita. Baba, aliyekuwa fundi wa mabomba, aliniambia, "Sela, huyu ni dada yako. Umwangalie."

Nilimwangalia, ndiyo, lakini kwa aibu. Alisoma kila kitu: magazeti yaliyofungiwa nyama, maandishi ya mifuko ya unga, hata magazeti tuliyobandika ukutani kuzuia baridi, mengine yakiwa yamepinduka juu chini. Alimsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya watu, kwa upole kabisa, bila kujua kwamba hilo ni kosa. Tukiruka kamba alisahau zamu yake. Wasichana wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walimwita Chizi, na mimi wakaniita "wa kina Chizi", mpaka siku moja Shiko, mwenye kamba ndefu kuliko zote, akaniambia, "Sasa Sela, unaeza kuja kuruka na sisi. Lakini sistako abaki."

Nikaenda. Nafula aliketi kwenye ngazi akatutazama, kisha akaacha kututazama.

Muhula huo mwalimu wa Kiswahili alitupa insha kuhusu siku tusiyoweza kuisahau. Alikuwa mama mwenye bidii, aliyetufundisha kwamba insha nzuri huanza kwa majogoo kuwika na jua kuchomoza, na kwamba methali zisipungue tano. Sote tuliandika majogoo, ingawa Mowlem kilichotuamsha kilikuwa vipaza sauti vya wahubiri. Jumamosi mchana Nafula aliketi mlangoni, daftari magotini, akaandika bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa kando yake nikichambua kunde. Aliandika kuhusu kikombe cha chai ambacho mama yake hakukimaliza asubuhi aliyopelekwa hospitalini, na jinsi yeye alivyokataa kukiosha mpaka sisimizi wakakijaza. Halafu akanipa nisome. Sikulia, lakini kunde zile nilizichambua vibaya, na mama akanikemea kwa mchanga uliokuwa ndani ya chakula.

Jumatatu mwalimu alisimama mbele yetu na daftari lile mkononi.

"Mtoto wa darasa la sita haandiki hivi. Nafula, umenakili wapi?"

"Sijanakili, mwalimu."

"Kitabu gani?"

Nafula hakujua kujitetea, alidhani ukweli ukisemwa mara moja unatosha. Mwalimu akanigeukia. "Sela, nyinyi mnakaa nyumba moja. Ulimwona akiandika?"

Nilihisi macho ya Shiko, aliyeketi dawati la nyuma yetu, kisogoni. Nilijua nikisema ndiyo nitabaki wa kina Chizi hadi darasa la nane.

"Sikumwona, mwalimu."

Nafula alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyepiga hesabu, akaangalia jibu nyuma ya kitabu, akakuta amepata.

Mwalimu alichana kurasa zile, akazitupa, akamwamuru aandike upya pale pale. Nafula aliandika kwa nusu saa. Majogoo waliwika, jua likachomoza, methali zikapangana, na mama wa ndani ya insha akapona. Alipata thelathini na sita kwa arobaini. Mwalimu akatusomea kwa sauti, nasi tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Tangu siku hiyo maswali yake yaliisha. Baba alifurahi. "Sasa amezoea mji," alimwambia mama. Kila muhula Nafula alikuwa nambari kumi na tano, hapandi wala hashuki. Siku moja nilimkuta akifuta majibu sahihi ya hesabu na kuandika mengine. Nilimuuliza kwa nini.

"Nambari kumi na tano hakuna mtu huiangalia," alisema, akaendelea kufuta.

Ningeweza kumwambia baba. Sikumwambia, kwa kuwa angeuliza mambo hayo yalianzia wapi.

Mtihani wa darasa la nane ulimpa alama za katikati, zile alizojichagulia. Alirudi Webuye kwa nyanya, akaolewa mapema, akaachika, na sasa anakata nyuzi za mashati kiwandani. Baba alipofariki tulikutana kule nyumbani Webuye, tukimenya ndizi za waombolezaji nyuma ya jikoni, na hapo nikamwomba msamaha.

Alichukua ndizi nyingine. "Ile ya majogoo naikumbuka yote, neno kwa neno. Ile nyingine imepotea. Nimejaribu sana. Ilianza vipi?"

Nilikumbuka kikombe na sisimizi, basi. Sentensi zake mwenyewe sikuwa nazo hata moja.

"Si kitu," akasema, akavuta beseni jingine.

Utotoni niliamini nilikuwa nimesema uongo mdogo, wa maneno mawili, ambao sala ya Jumapili ingeufuta. Niliamini pia kwamba mwenye akili nyingi hamhitaji mtu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba Nafula hakuwa amejitenga nasi. Alikuwa akitutafuta kwa njia moja tu aliyoijua, na katika dunia nzima ni mimi peke yangu aliyewahi kunipa daftari lake nilisome. Baada yangu hakumpa mtu mwingine.