Jiko la Wazazi wa Vitengeni

Mimi ni msanifu majengo, na ramani ya wodi ya wazazi ya Vitengeni niliichora bure. Nalisema hilo mapema kwa sababu liliwapotosha watu. Walidhani kazi ya bure haina mwenyewe, kwamba yeyote aweza kuikatakata atakavyo.

Nilipowauliza wanawake wa pale wanataka nini, hawakutaja vitanda. Walitaka jiko uani. Zahanati ilikuwa tayari na chumba kimoja cha kujifungulia, lakini hapakuwa na mahali pa kuchemshia maji wala kupikia uji, na kwao mzazi asiyekandwa kwa maji moto hajahudumiwa. Basi walizalia nyumbani, na wengine wakafia huko huko. Sikuhitaji maelezo zaidi. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, mama yangu alinikanda kule kwetu Shella mpaka nikapiga kelele, kisha akaninywesha uji wa pilipili manga. Nilichora jiko kubwa, lenye dohani na kivuli cha kukaa mama wakwe na mashangazi.

Mfadhili wa wodi hiyo alikuja kuitazama ramani. Alikuwa mtu mpole, ila alipenda majengo yanayopendeza kwenye picha. Akaweka kidole juu ya jiko.

"Hili liondoe. Moshi hospitalini ni aibu. Hapa tuweke maegesho ya magari."

"Magari ya nani?"

Akaikunja ramani, akaitia kwapani. "Dada, wewe unajitolea tu. Usijitie presha."

Loo! Damu ilinichemka. Nikamwambia kwamba kwa kuwa najitolea, hana mshahara wa kunikata. "Kaunti haiipitishi ramani hii bila muhuri wangu. Na jiko likitoka, muhuri sitii."

Akapanda gari lake akaondoka. Hapo ndipo nilipoogopa, siwezi kudanganya. Wodi nzima ingeweza kupotea kwa ajili ya mafiga. Nikawaendea wanawake kuwaambia huenda nimewaharibia.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia mwenyekiti wao, nikamweleza yote.

"Marahaba, mwanangu. Na hilo jiko nalo lataka mfadhili?"

"Halitaki."

"Basi tuonyeshe pa kuchimba."

Tulilijenga wenyewe, kwa mawe na udongo wa pale pale, nami kucha zangu zikaisha. Halijakauka vizuri, wazazi wakaanza kuja kwenye kile chumba cha zamani, mama wakwe wakiwafuata na masufuria kichwani. Chumba kikajaa hadi barazani.

Mfadhili akarudi, akasimama akishangaa. "Wote hawa wametoka wapi?"

"Wamefuata jiko," nikamjibu.

Akanyoosha mkono na ile ramani, haikufutwa hata mstari mmoja. Muhuri niliutia pale pale jikoni.

Wodi ipo sasa. Maegesho hayapo mpaka leo. Akija, gari lake huliacha barabarani, akaingia kwa miguu, akipita katikati ya moshi wetu.