Jina Lisilokuwamo Katika Hitima Yetu

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni Jumapili moja ya miaka ile ya hamsini, nilipomfunga mdomo bibi yangu mzaa baba mbele ya mgeni. Nimepita tisini sasa, magoti yanalia nikisujudu, na bado siku hiyo ikinijia naona haya peke yangu chumbani. Kaa nikusimulie. Chai hiyo ina tangawizi, usiiache ipoe.

Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini, kijana wa suruali iliyopigwa pasi na maneno mengi. Nilipenda vijitabu vya historia ya Kiislamu: makhalifa waadilifu, miji yenye taa barabarani, watumwa waliopanda wakawa majemadari. Vyote nilivimeza bila kutafuna. Mwenzangu wa meza ya pili aliitwa Barasa, Mkristo kutoka magharibi, mrefu, mpole, mwenye mzaha. Siku moja tukinywa chai ya saa nne akanichokoza kwamba wazee wetu waliuza watu na kujaza wanawake ndani. Nikawaka. Nikamwambia mtumwa kwa Mwislamu alikuwa mtoto wa nyumbani, na wake wenza walipendana kama ndugu wa tumbo moja.

"Wewe uliona?" akauliza.

"Bibi yangu aliona. Aliishi humo. Jumapili twende kwetu umuulize mwenyewe."

Sote nyumbani tulijua kwamba Bibi alinunuliwa na babu huko pwani akiwa mtoto, na alipokua akawa suria wake, yaani mtumwa wa kulala na bwana bila ndoa, akamzalia baba yangu na shangazi. Tulilijua kama mtu anavyojua pana shimo nyuma ya nyumba: halisogelei. Mimi sikuwahi kumuuliza Bibi hata neno moja. Nilikuwa nimekwisha kujijibia.

Kwetu ni Riruta, pembeni mwa mji, ukoo ulikohamia kutoka pwani, Waislamu wachache kati ya mashamba ya Wakikuyu. Zilikuwa siku za hali ya hatari ya wakoloni, pasi za kupita zikikaguliwa njiani; nikamfuata Barasa mjini, tukafika jua limepanda. Bibi alikuwa mekoni akikaanga mahamri. Unajua utani wa bibi wa Kiswahili na mjukuu wa kiume: tangu nianze kutambaa aliniita mume wangu. Akamtazama Barasa toka kichwani mpaka viatuni.

"Mume wangu, umeniletea mgeni ama umeniletea ngazi?"

Barasa akacheka mpaka akainama. Akapewa kigoda na mahamri manne, nami nikaanza kwa mbwembwe: "Bibi, mwambie huyu jinsi babu alivyokulea kama mwanawe."

Bibi akaligeuza hamri polepole. "Babu yako alikuwa mkarimu. Mgeni hakulala na njaa kwake, hilo ni kweli." Nikamtupia Barasa jicho la ushindi. "Na mimi alininunua, hata meno ya utoto sijang'oka."

Nikaharakisha kumtaja yule mtumwa wa zama za Mtume aliyepewa heshima ya kuadhini.

"Yule alikombolewa, mume wangu. Mimi nilikuwa bado natwanga."

"Na wale wake wa mzee, Nyanya?" Barasa akauliza kwa heshima. "Walikuwa wanasikizana?"

"Walikuwa watatu, na kila mmoja na zamu yake ya usiku. Waliigombania hiyo zamu mpaka wakanuniana miezi. Yule mdogo alinihurumia, ndiye aliyenifunza Alhamdu, Mungu amrehemu. Mimi sikuwa na zamu. Nilikuwa nikiitwa."

Masikio yaliniungua. "Bibi, basi! Usituaibishe mbele ya mgeni. Umezeeka, unachanganya mambo."

Akaepua karai, akafuta mikono kwenye leso yake. "Salim," akasema, "mpe mgeni maji anawe."

Mwanangu, nilikuwa sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake.

Nikimsindikiza Barasa kwenye basi nilingoja anicheke. Hakucheka. "Babu yangu alikuwa na wanawake wanne, na hakuwa Mwislamu," akasema. "Nyanya yangu alikufa na maneno yake kwa roho, hakuna mtu aliuliza yeye. Wewe nyanya yako anasema, halafu unafunga yeye mdomo. Pole ndugu yangu, lakini umekosa."

Siku kumi nzima aliniita Salim. Chakula nilipewa, shati nilifuliwa, utani hakuna. Nilimpenda sana bibi yule, na nyumba ilikuwa baridi. Siku ya kumi na moja nikaketi kwenye kigoda alichokalia Barasa, nikamwomba radhi, nikamwambia anisimulie, safari hii nitasikiliza.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," akasema, kisha akaanza. Babu alipokufa, wake zake watatu walikaa eda miezi minne na siku kumi, wakaletewa pole na uvumba. Yeye suria hakuwa na eda kama yao. Yeye aliyemzalia wawili alitumwa kisimani, kuteka maji ya wanaokuja kutoa pole.

"Na dini waliyokufunza hukuichukia?" nikauliza.

"Niichukie kwa nini? Mungu hakuninunua." Akajifunga leso yake upya. "Babu yako nimemwachia Mola wake. Kinachoniuma ni kingine. Kila mwezi wa Shaabani mnasoma hitima ya kuwarehemu wafu, mnamtaja yeye, na baba yake, na baba wa baba yake. Mama yangu hatajwi. Nakumbuka mgongo wake tu, ulikuwa na joto. Jina limenipotea."

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Shaabani ilipofika, kazi ya kusoma majina ya marehemu ilikuwa yangu kwa sababu ya hati nzuri. Wanaume tulijaa sebuleni, wanawake nyuma ya pazia. Nikamtaja babu, maana naye ni wangu na ukarimu wake haukuwa uongo. Kisha nikasoma mstari niliouongeza: "Na mama wa bibi yetu, aliyenyang'anywa mwanawe. Jina lake Mungu analijua." Mzee mmoja akanung'unika kwamba huyo hajulikani hata dini yake. Baba yangu, mtu asiyelia, akaanza Fatiha kwa sauti ya kukatika, na wote wakamfuata.

Sinia za pilau zilipoanza kutolewa, nikasikia sauti ya Bibi nyuma ya pazia: "Hiyo mpeni mume wangu. Na mumwongeze nyama." Nilikula nikilia, wala sikujificha.

Basi mwanangu, wapende wazee wako na dini yako, ila usiwapambe kwa kumnyamazisha aliyeumia. Mficha uchi hazai. Heshima ya ukoo haivunjwi na kweli, na anayeogopa kuuliza hubaki akitetea asichokijua. Ukiwa na mzee nyumbani, muulize, kisha unyamaze.

Macho yangu hayaoni tena maandishi. Shaabani hii utasoma wewe, na mstari ule usiuruke. Mungu akupe umri mrefu na watoto wa kukuuliza, na siku utakapotangulia, usikose wa kukutaja. Amina.