Kivuli cha Baba

Baba aling'oa kitalu chake cha miche ya kahawa ili mimi nipate pa kusimamisha mirija yangu. Nilikuwa nimerudi kijijini Ihanda, wilayani Mbozi, na wazo la kukuza mwani, ule mdogo usioonekana kwa macho, ndani ya mirija ya plastiki angavu. Ukishiba jua unatengeneza mafuta, na mafuta hayo hugeuzwa dizeli. Kwa malori yanayopanga foleni pale Mpemba kuelekea mpakani, nani asingeona maana yake? Majirani waliniita mfuga ukungu. Baba hakucheka.

Mbegu nilipewa na mwalimu wangu wa chuo, chupa moja tu, na hapakuwa na nyingine. Maji yakawa ya kijani, na kila asubuhi baba alileta kigoda kuyatazama yakitoa mapovu. Kisha pampu ya hewa, inayozuia mwani usituame, ikaanza kukorofisha, nikashuka Tunduma kutafuta nyingine.

Niliporudi na pampu mpya baada ya siku kadhaa, sikuiona mirija. Baba alikuwa ameijengea kichanja, akaezeka nyasi, akaning'iniza magunia pande zote. Ilikuwa kazi safi ya mtu aliyelea miche maisha yake yote.

"Jua lilikuwa kali, mwanangu. Miche yako ingeungua."

Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai iliyolala. Mrija mmoja tu wa pembeni, ambako mbuzi alikuwa ameng'ata nyasi akaacha tundu, ulibaki na ukijani kidogo.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, lakini hasira ile ningempa nani? Alisimama mbele yangu akisubiri nimsifu, mikono imechanwachanwa na nyasi.

"Ni baridi, baba," nikasema. "Baridi ndiyo imeiua miche. Tuianike juani."

Ulikuwa mwezi wa sita, na Mbozi mwezi wa sita hakuna anayebishana na baridi. Akanisaidia kubomoa kichanja.

Asubuhi nilikuta mrija uliobaki umeviringishwa blanketi lake, lile pekee alilokuwa akijifunika, na kamba imefungwa barabara. Kamba hiyo ilikuwa imebana mpira wa kupitishia hewa kutoka kwenye pampu. Nilipofunua, mwani wote ulikuwa umetuama chini, wa kahawia.

Baba alitoka ndani na koti lake la kanisani, anakohoa, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Haijapata baridi?"

Nikalirudisha blanketi kwenye mrija, nikalifunga vizuri.

"Haijapata, baba. Asante."