Gauni la Mama Mkwe Kwenye Rola

Mke wangu alizoea kuniambia kwamba nilioa vyuma kwanza, yeye akaja baadaye. Siwezi kubisha. Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa trekta kwenye shamba la Mzungu nje ya Kitale, na kila mashine kuukuu ya kufulia niliyoikuta nyuma ya mazizi ya walowezi niliiomba. Wao walikuwa wamenunua za umeme. Hizi za kuzungusha kwa mkono waliziona takataka. Chumba changu cha mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, kilijaa hata nikawa nalala nimekunja miguu.

Katika mbovu tatu nilipata nzima moja: pipa la shaba la hii, gia za ile, na kutoka ya tatu rola mbili za mpira za kukamulia nguo. Niliipakia kwenye lori la mahindi hadi Bungoma, kisha mkokoteni wa ng'ombe ukaifikisha kwetu Kabuchai. Siku hiyo nilijiona mtu.

Haja yangu ilikuwa moja tu. Mama mkwe, aliyekaa ng'ambo ya kijito, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na mke wangu alifua nguo za nyumba mbili kwa mikono huku ana mimba kubwa. Nilitaka apumzike.

Jumamosi ya kwanza nilizungusha mpini barazani, mke wangu akiingiza nguo kati ya rola. Likapita shati, ikapita shuka. Halafu likatoka gauni la maua ya bluu nililolijua vizuri, maana kila Jumapili nililiona likinikwepa nje ya kanisa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono wala hawakai chumba kimoja. Na mimi nimelikamua gauni lake hadi tone la mwisho.

"Si ulisema ni mashine inafua," mke wangu akasema. "Ati sasa ni wewe?"

Habari zilivuka kijito kabla gauni halijakauka. Mama mkwe akakataa katakata kuleta nguo. Mke wangu akarudi kufua kijitoni na tumbo lake, nami nikabaki nikiitazama mashine kwa aibu na hasira. Nusura niitupe.

Wiki ya tatu alirudi na kikapu cha nguo za mama yake. "Mama amesema utundike blanketi katikati. Wewe zungusha tu, usichungulie."

Nikatundika, mpini ukawa upande wangu, rola upande wake. Mtoto alipozaliwa, nilisikia siku moja mtu wa pili akivuta kigoda kule ng'ambo ya blanketi. Nikazungusha polepole, nisimkimbize.

"Mwambie huyo bwana yako apumzike kidogo," sauti ikasema. "Amefanya kazi."

Hakuwahi kunipa maneno mengine, na yale yalinitosha.

Mke wangu na mama yake wameshatangulia, na ninawakumbuka sana. Rola zimepasuka, mashine haifui tena. Lakini nikitaka kuzitia gia mafuta, natundika blanketi kwanza.